Doa la Giakanja

Wakiuru alizaliwa na doa jeusi chini ya sikio la kushoto, pale taya linapoanzia, na hata hajamaliza wiki moja duniani doa hilo lilikuwa limeshapata mwenyewe. Nyanya yake mzaa baba aliletewa mtoto, akamgeuza shingo kama mtu anayekagua kuku sokoni, akaliona. Kisha akashika taya lake mwenyewe, mahali palepale, palipokuwa na doa kama hilo. "Nimefika," akasema. Mtoto angeitwa Wakiuru hata hivyo, maana msichana wa kwanza wa Mkikuyu huchukua jina la mama wa baba yake, lakini doa lilimaliza maneno yote.

Watu wa Giakanja, kijiji cha nyanya huyo huko Nyeri, jina hawalichukui kama kofia. Mtoto aliyepewa jina la nyanya ndiye nyanya. Marehemu baba yake, Mwai, alimwita "mama" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, wala hakuwahi kumchapa, maana ni nani atakayemchapa mamake? Mdogo wake alipozaliwa akachukua jina la upande wa pili, Nyawira, la nyanya mzaa mama, mwanamke wa Mwea aliyelima mpunga hadi mgongo ukapinda. Basi nyumba ikawa na wasichana wawili na nyanya wawili, kila mmoja na wake. Wakigombana, mama yao Kagure alikuwa akisema, "Giakanja na Mwea wameanza tena." Hata maradhi waligawana hivyo. Wakiuru akikohoa, hicho kilikuwa kifua cha Giakanja. Nyawira akisusa uji, hiyo ilikuwa Mwea.

Na sikio la Nyawira pia lilikuwa Mwea. Alitobolewa masikio akiwa na miaka kumi, na tundu la kushoto likaota nyama. Likavimba, likang'aa, likawa kama njugu, halafu kama ndimu ndogo. Nyanya wa Mwea alikuwa na la namna hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. "Amefuata mtu wake," wakasema, wakamnunulia kitambaa cha kichwa. Wakiuru yeye hakutobolewa. Nyanya yake alikuwa ameokoka kwa ule wokovu wa zamani usiotaka hereni wala mkufu, na asingekubali mtu wa jina lake aning'inize dunia masikioni. Hivyo masikio ya Wakiuru hayakuonja sindano. Kumbuka hilo, litarudi.

Alipofika miaka thelathini na tisa, doa lilikuwa limeinuka, likawa kubwa kama punje ya maharagwe, na nywele tatu zilizoota hata akizing'oa. Watoto wa kanisani waliwahi kudhani ni nzi. Yeye alicheka nao. Sitaki kukudanganya kwamba aliishi akilia mbele ya kioo. Alikuwa na kazi na chumba chake cha kupanga. Na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akipanda Giakanja kumwona nyanya yake, ambaye sasa macho yalikuwa yamezimika kabisa na masikio nayo yakawa ya kubahatisha. Salamu zao hazikuhitaji maneno. Mzee yule alinyoosha mkono, kidole kikapita shavuni hadi chini ya sikio, kikaligusa doa, naye akasema, "Niko." Halafu ndipo walipokunywa chai.

Kazi yake ilikuwa picha. Moffat, mwanamume mpole mwenye tumbo la kuheshimika, alikuwa na studio Ruring'u, hapo Nyeri, si mbali na uwanja wa michezo, na Wakiuru alikuwa amemfanyia kazi miaka kumi na miwili. Walipiga picha za pasipoti na za harusi, lakini ukweli ni kwamba walioiweka studio hai ni wafu. Familia ilileta picha ya kitambulisho, au ya harusi ya mtu mwingine ambamo marehemu alisimama pembeni akitafuna, na Wakiuru akamtoa humo kwa kompyuta, akamsafisha kwa ajili ya kijitabu cha mazishi. Akafuta chunusi, akafuta makovu, akayaondoa macho ya pombe, akavisha suti. Wazee waliokufa na meno mawili walizikwa na thelathini na mawili. Mkono wake ulikuwa mwepesi na watu walitoka mbali kumtafuta.

Kisha Moffat akataka bango jipya la mlangoni. "Kaa hapo, Wakiuru, nikupige wewe," alisema. "Nitalipa mtu wa nje na niko na wewe?" Akapiga. Wakiuru akaketi kwenye kompyuta kuisafisha, na kwa mazoea tu, bila nia yoyote, mkono ukapita juu ya doa likatoweka. Bonyezo moja. Bango likachapishwa, likatundikwa juu ya mlango. Wiki ileile mteja mmoja, mwalimu aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti, akamuuliza yeye mwenyewe Wakiuru, uso kwa uso, "Na huyu msichana mrembo wa kwa bango, ako likizo?"

Wakiuru akacheka, akamwambia ndiyo, ako likizo. Lakini alipofika nyumbani hakucheka. Picha ile ndiyo iliyomharibu. Mtu ambaye hajawahi kuonja asali hamlilii nyuki, na yeye alikuwa ameshaonja. Kila asubuhi alipita chini ya mwanamke yule wa bango, mwanamke mwenye pua yake na macho yake na taya safi, na kila asubuhi alijisikia kama msaidizi wake.

Akaanza kutafuta njia. Alitafuta karibu mwaka mzima, maana alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata. Jirani alimwambia alifunge doa kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, likauke lianguke lenyewe. Karatina kulikuwa na mama aliyeuza dawa ya kupaka ndani ya kichupa kisicho na jina. Wakiuru akaenda, akamwona mteja mmoja wa mama huyo ambaye shavu lilikuwa limebaki na shimo la rangi ya ukoko, akarudi bila kununua. Saluni moja mjini Nyeri ilikuwa na kalamu ya umeme ya kuchomea madoa, nayo ilishikwa na msichana aliyekuwa akitafuna chingamu. Akasema asante, nitarudi. Hakurudi.

Jioni, kazi ikiisha, alikusanya picha za makovu ya watu wengine kutoka kwenye simu, akazifungua kwenye kompyuta ya Moffat na kuzikuza. Aliyajua makovu kama mfugaji anavyojua mbuzi. Kovu la duara, hata liwe dogo, halijifichi, jicho hulirudia. Kovu la mstari mwembamba likifuata ukingo wa taya huingia kwenye kivuli na mtu halioni. Alichora mstari huo juu ya picha yake mwenyewe, mara nyingi, hadi akaridhika. Hakumwambia Nyawira, aliyekuwa ameolewa hukohuko Mwea. Hakumwambia nyanya yake pia. Lile doa lilikuwa lao wawili, na alijua kabisa kwamba anataka kulitoa bila kumwuliza mwenzake.

Daktari aliyempata alikuwa daktari kwelikweli, mama mmoja wa kutoka magharibi ya nchi aliyeitwa Tryphosa, mtaalamu wa ngozi aliyekuja Nyeri kila Alhamisi katika kliniki iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Alimgeuza Wakiuru shingo, akaliangalia doa kwa kioo chenye taa.

"Wacha nikuambie ukweli kabla tuanze," alisema. "Hakuna njia ya kutoa hii kitu bila kovu. Mwenye anakuambia iko, huyo anakuuzia kitu. Sisi tunachagua tu kovu gani utaishi nayo."

"Nataka yenye haionekani sana."

"Kila mtu anataka hiyo. Sikiza. Naweza parura na wembe, ilingane na ngozi. Hakuna kushona. Itabaki alama ya duara, nyeupe kidogo, na doa inaweza rudi kwa sababu mizizi imebaki. Ama nikate yote na mizizi, nishone. Hapo inabaki laini moja nyembamba. Leza, kwa yako hapana. Imeinuka sana, na sitapata kipande ya kupeleka maabara."

"Ya kushona," Wakiuru alisema upesi. "Laini ifuate hapa chini ya taya, kwa kivuli. Haitaonekana."

Daktari alimtazama. "Wewe ni nesi?"

"Mimi ni wa picha."

Daktari Tryphosa akacheka kidogo, akachukua kalamu, halafu akaiweka chini tena. "Swali moja, na usinijibu haraka. Kwa familia yenu, kuna mtu akikatwa ama akitobolewa, kovu inaota nyama? Inavimba mpaka inapita pale palikatwa? Kama yuko, nitakuambia uende nyumbani na doa yako na Mungu akubariki. Hii sehemu ya taya karibu na sikio ndiyo mbaya kabisa."

Na Wakiuru hakujibu haraka. Huyu si mwongo, na hilo ndilo linaloniuma ninapomsimulia. Alifikiri kwa uaminifu wote. Sikio la Nyawira lilimjia akilini, likang'aa pale na kitambaa chake, kisha likapita kama unavyopita ugonjwa wa jirani. Hilo lilikuwa la Mwea. Lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina. Akamfikiria mtu wake yeye, shosho yake, Wakiuru wa Giakanja, aliyekatwa na jembe mguuni, akachomwa na sufuria ya githeri, akakwaruzwa na miiba ya miaka tisini, na makovu yake yote yamelala bapa kama karatasi. Akapandisha sketi, akaonyesha goti.

"Hapana, daktari. Shosho yangu ako na ngozi safi kabisa. Na mimi hapa nilikatwa na panga nikiwa msichana, angalia. Imelala tu."

"Goti si uso," Daktari Tryphosa alisema. Akaligusa, akatafakari. "Na umewahi tobolewa masikio?"

"Sisi wa kwetu hatutobolewi."

Daktari akaandika.

Alhamisi iliyofuata doa likakatwa. Halikuchukua hata muda wa kipindi cha shule. Nyuzi zilitolewa baada ya siku saba, na hapo kwenye taya palikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea shati. Majibu ya maabara yalikuja kusema kwamba doa halikuwa na ubaya wowote, lingeweza kukaa lilipokuwa hadi kaburini. Mwezi wa pili mstari ukafifia. Moffat alimsimamisha chini ya bango, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Sasa mko sawa." Wakiuru akajipiga picha bila kuisafisha, akaikuza, akatafuta kovu, akalikosa. Alilia kwa furaha. Ninakuambia hivyo ili ujue kwamba furaha hiyo ilikuwapo, hata kama haikudumu.

Jambo moja tu ndilo lililomkaa kooni. Jumapili ya kwanza baada ya kukatwa alikwenda Giakanja na plasta, akapaza sauti kwamba ni chunusi. Kidole cha mzee kilizunguka juu ya plasta, kikarudi mapajani bila kusema neno. Jumapili ya pili Wakiuru alikuwa na mkutano. Ya tatu ilinyesha. Baada ya hapo hakutafuta hata sababu, akawa anamtumia sukari na maziwa kwa watu wa kanisa. Angekwendaje? Kidole kingefika pale na kukuta ngozi tupu. Mtu huondoa kitu usoni mwake bila kuuliza kilikuwa kinafanya kazi gani pale.

Mwezi wa nne mstari ukaanza kuwasha.

Alidhani ni jasho. Kisha ukawa mgumu chini ya kidole. Kisha ukainuka, ukang'aa, ukawa na rangi ya zambarau mbivu, na asubuhi moja, akijipaka mafuta, mkono wake ulikitambua kitu hicho kabla akili haijakubali. Alikuwa amekigusa mara nyingi utotoni, akimsuka mdogo wake nywele. Akakaa kitandani. Alikaa hapo mpaka Moffat akapiga simu kuuliza kama ni mgonjwa.

Daktari Tryphosa aliliangalia kwa muda mrefu. "Nilikuuliza," alisema, bila ukali.

"Uliniuliza, na nilikujibu ukweli. Shosho yangu hana."

"Shosho yupi?"

"Shosho yangu. Wa Giakanja."

"Na yule mwingine?"

Chini barabarani mtu alikuwa akitangaza bei ya vitunguu kwa kipaza sauti.

"Yule ni wa dadangu," Wakiuru akasema. Na maneno hayo, ambayo alikuwa ameishi nayo maisha yake yote bila kuyatilia shaka, aliyasikia kwa mara ya kwanza jinsi yalivyo.

Daktari hakumcheka. Alikuwa amekuja Nyeri miaka ya kutosha kujua majina yanavyogawanywa. "Wakiuru," alisema, "damu haijui mlimpea nani jina ya nani. Uko na hawa wawili, nusu kwa nusu. Hata dadako ako na Giakanja ndani yake."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa ameketi pale kitini akilishika taya. Aliomba likatwe tena. Daktari akakataa: likikatwa lingerudi na ukubwa mara mbili. Kulikuwa na sindano, za kuchomwa ndani ya kovu lenyewe, kila mwezi. Wakiuru akazichomwa. Zilimtoa machozi mtu mzima yule, akishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Mara ya kwanza uvimbe ulinywea, akaanza kutumaini. Mara ya pili ngozi ya pembeni ikapauka. Mara ya tatu uvimbe ukarudi ulipokuwa na kuongeza. "Tutaendelea," Daktari Tryphosa alisema. "Tutaona." Wakiuru alikuwa amehudumia familia nyingi zilizokuja kusafishiwa picha za marehemu wao, na wengi walikuwa wameambiwa tutaona.

Nyawira alikuja Krismasi na gunia dogo la mchele. Alipomwona dadake alisimama mlangoni, akavua kitambaa chake taratibu, na wakatazamana, sikio na taya.

"Ungeniuliza tu," Nyawira akasema. "Ati unaulizwa kama kuna mtu kwa familia, na unasema hakuna. Mimi nilikuwa nani?"

"Niliona ni yako."

"Ilikuwa yangu. Na mimi ni wa nani?"

Walipika mchele ule, wakaula, na Nyawira aliosha vyombo akiwa amempa mgongo. Alikuwa amebeba ndimu ile sikioni miaka yote hiyo huku nyumba nzima ikimwambia ni ya watu wake, kana kwamba watu wake walikuwa wengine. Aliondoka siku ya pili mapema.

Kule studio, Moffat alitafuta maneno siku nyingi kabla ya kuyasema. "Kaa huko nyuma kwa kompyuta, utulie. Mimi nitakuwa nikipokea wateja." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. Bango lilibaki juu ya mlango. Lilikuwa bango zuri na watu walikuwa wamelizoea. Wakiuru akawa anaingilia mlango wa uani, akifuta makovu ya wafu kwa bonyezo moja moja.

Ni mwezi wa Februari ndipo watu wa kanisa walipomletea habari kwamba nyanya yake hali tena vizuri, na kwamba anamtaja. Alikaa na habari hiyo siku tatu. Ndipo likamjia wazo, na lilikuwa wazo la mtu aliyeishiwa: pale chini ya sikio sasa palikuwa na kitu. Kilikuwa kimeinuka, kilikuwa mahali palepale, na yule mzee hakuwa na macho. Huenda kidole kikatosheka. Katika hasara yote ile angalau hilo lingemfaa, kusikia tena neno lile moja. Akang'oa unywele wake mmoja, akaubandika juu ya uvimbe kwa gundi ya kope. Usicheke. Aliubandika mara mbili, maana wa kwanza ulianguka.

Jumapili akapanda Giakanja. Mzee alikuwa kitandani, mdogo kama mtoto chini ya blanketi, amegeukia ukuta. Wakiuru akapiga magoti, akamwinamia, wala hakusema kitu, maana sauti isingefika. Mkono ukatoka taratibu, ukampata shavu. Kidole kikashuka hadi chini ya sikio.

Kikasimama. Kikagusa tena, kikazunguka ule ugumu wote, ule ulaini usio na vinyweleo, maana unywele wa gundi ulikwisha kuanguka njiani. Uso wa mzee ukalainika, ukawa na tabasamu la adabu, lile la kumpokea mgeni wa mbali.

"Nyawira," akasema. "Umetoka Mwea kuja kuniona. Mungu akubariki, mtoto wa wenyewe."

Wakiuru akafungua mdomo. Mkono ulikuwa bado kwenye taya lake.

"Na dada yako yuko wapi? Mwambie aje. Mwambie nimejitafuta siku nyingi, sijioni."

Angeweza kupiga kelele sikioni mwake, hadi jirani wasikie, kwamba ni yeye. Lakini kidole nacho kingeuliza, yuko wapi?

"Nitamwambia, shosho," akasema, akaukamata mkono ule kwa mikono yake miwili, akaurudisha chini ya blanketi, akaenda kuchemsha chai.